Kopo la Sukari na Sahani ya Wali: Utamu Uliojificha Jikoni Mwetu

Katika nyumba nyingi za Pwani, siku daktari atamkapo neno kisukari, kitu cha kwanza kuondolewa mezani ni kopo la sukari. Chai huanza kunywewa kavu, keki hupigwa marufuku, na mgonjwa, ambaye aghalabu ni baba au nyanya wa nyumba, huonewa huruma kwa kunyimwa kaimati. Lakini sahani yake ya wali wa nazi hubaki na kimo kile kile. Muhogo wa kuchemsha huongezwa ili ashibe. Mkate hukatwa bila kuhesabiwa vipande, kwa kuwa, husemwa, mkate hauna sukari. Miezi mitatu baadaye kipimo cha damu hakijashuka, na lawama zote humwangukia mgonjwa: lazima anakula vitamu kwa siri.

Huenda hajaonja kitamu chochote. Kilichoingia mwilini mwake kilikuwa sukari isiyo na ladha ya sukari, na waliompakulia walikuwa ni wale wale wampendao. Ili kulielewa jambo hili, yatupasa kuingia kidogo katika kemia ya sukari na wanga. Kwa bahati njema maabara ya somo hili ni jiko letu wenyewe, na vyombo vyake ni sufuria, mwiko na kipande cha ndimu.

Sukari zilizoungana mbili mbili

Neno sukari tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na asili yake ya mbali ni lugha ya Kisanskriti ya Bara Hindi, ambako lilikuwa na maana ya changarawe. Jina lafaa, kwani kilichomo koponi ni fuwele ndogo ndogo mfano wa changarawe.

Sukari za msingi, ambazo mwili hauna haja ya kuzivunja tena, ni chache, na kwa makala haya tatu zatutosha: glukosi, fruktosi na galaktosi. Zote tatu zina hesabu moja ya atomi, yaani kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Tofauti yao ni mpangilio tu, kama vile mafundi watatu wawezavyo kushona nguo tatu mbalimbali kwa vitambaa vya kipimo kimoja.

Sukari ya koponi, ambayo wanakemia huiita sukrosi, ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana. Wakati wa kuungana, molekuli moja ya maji hutoka. Anayetaka kuzitenganisha hana budi kuyarudisha maji hayo. Hiyo ndiyo sheria itakayotuongoza hadi mwisho: kuunganisha ni kutoa maji, kutenganisha ni kurudisha maji. Sukari za namna hii, mbili katika moja, huitwa disakaraidi. Zikiungana mamia na maelfu huitwa polisakaraidi, na huko ndiko uliko wanga, ambao tutaufikia.

Mpishi wa kaimati aijua sheria hii kwa mikono yake hata kama hajapata kuisikia. Shira isiyotiwa ndimu, ikipoa, hurudi kuwa chembe. Kaimati zikavaa ukoko wa sukari badala ya mng'ao. Sababu ni kwamba molekuli za sukrosi zote zafanana, na vitu vifananavyo hujipanga safu kwa urahisi, na safu hizo ndizo fuwele. Asidi ya ndimu, ikisaidiwa na moto, huvunja sehemu ya sukrosi na kuacha glukosi na fruktosi zikielea huru. Hizi huingia kati ya safu na kuzivuruga, na shira hubaki laini. Ndiyo maana ndimu hutiwa shira ikiwa ingali motoni. Anayeikamua baada ya kuepua atapata harufu nzuri, lakini kazi ya kuvunja haitakuwa imefanyika.

Ukipenda hesabu, ni hii: gramu 342 za sukrosi, zikivunjika zote, hunywa gramu 18 za maji na kutoa gramu 360 za sukari mbili zilizo huru. Mchanganyiko huo ni mtamu kidogo kuliko sukari iliyoingia sufuriani, maana fruktosi ndiyo tamu kupita zote.

Nyuki hufikia matokeo yayo hayo bila ndimu wala moto. Mwilini mwake mna kimeng'enya kinachoivunja sukrosi ya maua, na asali tuionayo ni, kwa sehemu kubwa, glukosi na fruktosi zilizokwisha tenganishwa. Hamira ya mahamri nayo ina kimeng'enya cha aina hiyo: huivunja sukari tuliyotia katika unga, kisha huila na kutoa hewa inayouumua. Kwa hiyo ile kauli isikikayo mara kwa mara, kwamba asali haimdhuru mwenye kisukari kwa kuwa ni ya maumbile, haina msingi katika kemia. Asali ina fadhila zake, lakini glukosi yake ni glukosi. Na sukari guru, pamoja na rangi yake na harufu yake ya kupendeza, ni sukrosi iliyovaa kanzu ya kahawia.

Tende yastahili neno lake. Tunda hili likiwa bado halijaiva hujaa sukrosi. Linapoiva, kimeng'enya kilichomo ndani yake huivunja, na katika tende nyingi laini hubaki zaidi glukosi na fruktosi. Zipo aina kavukavu, kama Deglet Noor ya Afrika Kaskazini, ambazo sukrosi yake nyingi husalia. Tende ndogo moja ina kama gramu 5 za wanga na sukari kwa jumla. Aliyefunga mchana kutwa hupata humo sukari iliyo karibu kuingia katika damu; mwenye kisukari anayejua hesabu hii anaweza kuhesabu tende zake badala ya kuziogopa.

Disakaraidi ya pili ya nyumbani ni laktosi, sukari ya maziwa, iliyo glukosi na galaktosi. Maziwa ya mama yana kama asilimia 7 ya sukari hii, ya ng'ombe karibu asilimia 5. Mtoto huzaliwa na kimeng'enya cha kuivunja, lakini kwa watu wazima wengi duniani, takriban wawili kwa kila watatu, kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, na tumbo likaunguruma. Jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zina mabadiliko ya urithi yao wenyewe yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Asiye na kimeng'enya hicho ajaribu maziwa lala: bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi.

Wanga: mkufu wa glukosi

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chukua kipande cha mkate usiotiwa sukari, ukitafune polepole kwa dakika nzima bila kukimeza. Utaanza kuhisi utamu. Hakuna aliyeongeza kitu. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilasi, nacho kimeanza kuukata wanga vipande vipande, vingine vikiwa maltosi, disakaraidi ya glukosi mbili. Kazi hiyo humalizika katika utumbo mwembamba, na mwisho wake ni glukosi tupu.

Maana wanga si kitu kingine ila glukosi zilizofungwa pamoja. Mikufu yake ni ya namna mbili: amilosi, iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi kama mti. Katika vyakula vya kawaida amilosi huwa kama robo, na zilizobaki ni amilopektini. Mwaka 1811 mwanakemia Gottlieb Kirchhoff, akifanya kazi mjini St. Petersburg, alichemsha wanga pamoja na asidi akapata shira tamu. Tumbo la mwanadamu lilikuwa likiifanya kazi hiyo tangu zamani, tena bila asidi kali wala moto.

Hapa ndipo pana habari ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Sukari ya koponi ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Wanga wote ni glukosi. Wataalamu wanapopima kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, wakiipa glukosi safi alama 100, sukari ya mezani hupata kama 65, na mkate mweupe kama 75. Si kosa la uchapaji: mkate ambao hauna hata chembe ya utamu huinua sukari ya damu haraka kuliko sukari yenyewe.

Tena wingi wake ni mkubwa. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45 za wanga. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Kwa kupima tu, kikombe hicho ni sawa na vijiko kumi na kimoja, na nani kwetu Pwani apakuaye wali kwa kikombe? Ukiongeza maji yanayorudishwa wakati wa kuvunjwa, gramu 45 za wanga hutoa gramu 50 za glukosi. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya huwa na takriban gramu 5 za glukosi kwa wakati mmoja, yaani kama kijiko kimoja. Kongosho lenye afya hutoa insulini, na insulini huziondoa glukosi hizo katika damu kwa utaratibu. Kongosho lililochoka, au mwili usioitikia insulini, huziacha zikirundikana. Basi mzee aliyenyimwa kijiko kimoja katika chai akapewa sahani ya vikombe vitatu hakutendewa wema.

Wala simaanishi wali uharamishwe. Namaanisha upimwe. Nusu ya sahani ikiwa mboga, mchicha au kabichi, robo ikiwa samaki au maharagwe, na robo tu ikiwa wali, ugali au muhogo, hesabu hubadilika mno bila mtu kulala njaa. Dawa zisipunguzwe wala kuongezwa kwa sababu ya makala ya gazetini. Hayo ni ya daktari, na anayekusudia kufunga hali anatumia dawa za sukari amwone kabla ya Ramadhani kuandama. Na sukari ikishuka ghafla, mgonjwa akatokwa na jasho na kutetemeka huku akiwa na fahamu zake, apewe maji ya sukari au juisi tamu, si mkate: mkufu mrefu huchukua muda kukatwa, naye hana muda.

Namna wanga unavyopikwa nayo ina neno. Wanga mbichi hukaa ndani ya punje ngumu zisizoyeyuka katika maji baridi. Zikipata moto wa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, punje hunywa maji, huvimba, na amilosi huvuja nje. Huo ndio wakati uji unapoanza kuwa mzito na mwiko kukataa kuzunguka. Katika halua, ya Lamu au ya Mombasa, na ya ndugu zetu wa Oman, jambo hili limefanywa kuwa sanaa. Sukari nyingi iliyomo huyashika maji na kuzuia punje zisivimbe kwa pupa, ndiyo maana halua hutaka moto wa subira na mkono usiochoka. Laiti sukari isingekuwamo, tungepata gundi baada ya dakika chache. Wanga wa muhogo, ambao amilosi yake ni kidogo, hutoa halua inayopitisha mwanga na kuvutika. Wa mahindi hutoa iliyo nzito na yenye ukungu. Wazee wa kazi hii walilijua hilo kwa macho.

Wanga uliopikwa ukipoa, mikufu ya amilosi hurudi kushikana. Ugali huwa mgumu, wali hukauka, mkate huchakaa, na huchakaa upesi zaidi ndani ya friji kuliko kabatini. Sehemu ya wanga ulioshikana hivyo huwa ngumu kwa vimeng'enya vyetu, kwa hiyo kiporo cha wali hupandisha sukari kidogo kuliko wali wa moto. Kidogo, nasema, si ruhusa ya kuongeza sahani. Na kiporo kina hatari yake: mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemshwa, na wali ulioachwa mezani usiku kucha katika joto letu huweza kuwatapisha watu nyumba nzima. Upozwe upesi, uingie kwenye friji, na upashwe moto mpaka ufuke mvuke.

Kwa mama mwenye mtoto anayeanza kula, kemia hii ina zawadi. Nafaka ikilowekwa na kuota, hutengeneza amilasi yake yenyewe. Kijiko cha unga wa kimea cha wimbi kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulegea mbele ya macho yako, kwani mikufu inakatwa. Mtoto ambaye tumbo lake ni dogo huweza kunywa uji wenye unga mwingi zaidi bila kulazimika kutafuna gundi. Uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa.

Ndugu asiyelika

Glukosi zile zile, zikiunganishwa kwa namna nyingine, kila moja ikipinduliwa dhidi ya jirani yake, hutoa selulosi. Tofauti ni pembe ya kiungo kimoja tu, lakini mkufu hunyooka kama uzi, nyuzi zikashikana, na hakuna kimeng'enya chetu kiwezacho kukata. Leso uliyojifunga ni pamba, na pamba karibu yote ni selulosi. Muhogo uliomo sufuriani na leso iliyo kiunoni, basi, zimetengenezwa kwa tofali moja. Ndiyo maana kofia ya viua hukubali kanji vizuri: wanga hushikana na pamba kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Ng'ombe hula majani akanenepa kwa sababu tumboni mwake mna vijidudu vyenye ufunguo wa kiungo hicho; sisi hatuna, na selulosi hupita mwilini mwetu kama nyuzi za kusukuma choo na kuchelewesha sukari kuingia katika damu. Hiyo ni faida, na ndiyo inayopotea unga unapokobolewa ukawa mweupe pepe.

Mwili nao hutengeneza polisakaraidi yake, glaikojeni, wenye matawi mengi kuliko wanga. Ini huweka akiba ya takriban gramu 100, misuli kama gramu 400. Aliyekula daku akafunga, ni akiba ya ini inayokatwa glukosi baada ya glukosi ili ubongo usikose chakula. Walioeleza namna glaikojeni inavyovunjwa ni mume na mke, Carl na Gerty Cori, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Bibi Gerty ndiye mwanamke wa kwanza kuipata katika fani ya tiba.

Mama wa faluda

Mwanamke mwingine hakupewa tuzo yoyote. Mwaka 1881, mjini Berlin, daktari Walter Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch, na kazi ilimshinda: bakteria walioteshwa juu ya jelatini waliiyeyusha, na siku za joto jelatini iliyeyuka yenyewe. Mkewe, Fanny Hesse, alimshauri atumie agari. Aliijua kutokana na mapishi. Jirani yake wa zamani aliyewahi kuishi Java ndiye aliyemfundisha kugandishia vitamu. Agari ilishika. Mwaka uliofuata Koch aliitaja katika maandishi yake mashuhuri kuhusu kifua kikuu, ila jina la Fanny hakulitaja. Hadi leo maabara za hospitali duniani kote huotesha bakteria juu ya kitu kile kile tukipikiacho faluda.

Agari ni polisakaraidi ya mwani, na kiungo chake kikuu ni galaktosi, ile ile ya maziwa, pamoja na jamaa yake wa karibu. Huyeyuka karibu na nyuzi 85 lakini haigandi hadi ishuke chini ya 40, ndiyo maana faluda husimama imara hata katika joto la Mombasa, wakati jelatini ingekuwa imekwisha kuwa maji. Tena jelatini ni protini ya ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe. Achungaye halali asome maandishi ya pakiti. Agari haina shaka hiyo. Mwani wa aina nyingine, utoao karajini, jamaa ya agari, hulimwa na wanawake wa Kibuyuni, Kwale, na wa Zanzibar. Mavuno yao huishia katika dawa za meno na aiskrimu za watu wasiowajua.

Vimeng'enya vyetu haviwezi kuikata agari, kwa hiyo yenyewe haiongezi glukosi yoyote katika damu. Kinachopandisha sukari katika faluda ni sukari tunayoitia, na kwa kiasi kidogo maziwa. Gramu 10 za unga wa agari hutosha lita moja ya maziwa. Iliki na zafarani zikitiwa kwa ukarimu, sukari yaweza kupunguzwa mpaka nusu bila wageni kuuliza. Anayependa faluda ya juisi, ya ukwaju au ya pasheni, aichemshe agari kwa maji matupu kwanza, aepue, ndipo atie juisi. Asidi ikichemshwa pamoja nayo huivunja mikufu ya agari kama ivunjavyo sukrosi ya shira, na faluda haitaganda.